Mama Reko na Mke wa Mwanangu

Sikumpenda Mama Reko, na sitaki kuanza kwa kudanganya. Watu wakisimulia habari za mtu aliyewahangaikia wajawazito wa mtaa mzima, huwa wanalainisha sauti. Mimi nilimjua karibu miaka tisa, akipita mbele ya nyumba yangu kila wiki, na katika miaka hiyo yote sikumbuki hata siku moja niliyofurahi kusikia buti zake.

Zilikuwa buti za plastiki, nyeusi, za kiume, zimemzidi mguu. Mtaa wetu uko ukingoni mwa Beni, upande ambako nyumba zinakwisha na mashamba ya kakao yanaanza, na ukipita kakao ni msitu. Mvua ikinyesha, barabara yetu inakuwa tope tupu. Kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona: plap, plap, plap, kisha sauti juu ya ua, "Humu ndani kuko mimba?"

Hakuuliza tumeamkaje. Kwetu Wanande, mtu akiingia kwa jirani bila salamu ni kama ametukana. Nilimwambia hivyo mara moja. Akanijibu kwamba akisalimia kila nyumba vizuri, mama yangu hajambo, mbuzi hawajambo, atafika nyumba ya mwisho mtoto ameshazaliwa.

Reko ni jina tunalowapa watu wa mtaa wanaochaguliwa na kituo cha afya wapite nyumba kwa nyumba, wawahimize wajawazito kwenda kupimwa, waulize chanjo za watoto, waandike. Hawakusomea utabibu. Ni majirani tu, waliofundishwa siku chache na kupewa daftari na mfuko. Mtaani kwetu walikuwa watatu au wanne. Lakini ukisema Mama Reko, hakuna aliyeuliza yupi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetangulia mbele. Alipokutana na mwanamke mjamzito, popote pale, alimshika kichwa na kulivuta chini kope la jicho moja kwa kidole gumba, aone kama ndani ni pekundu au ni peupe. Ndivyo alivyojua nani ana upungufu wa damu. Alifanya hivyo sokoni. Alifanya hivyo kwenye msiba. Jumapili moja alifanya hivyo ndani ya kanisa, wakati watu wanarudi kutoka komunyo, na mke wa mwalimu akamnong'oneza kwa hasira:

"Mama, tuko ku misa!"

"Naona. Misa iko inaongeza damu? Unakula nini ku nyumba?"

Mke wa mwalimu alilia mpaka mwisho wa ibada. Sisi wengine tuliangalia altare.

Kisha alikuwa na ile ya miguu. Alichutama mbele ya mwanamke, akabonyeza kifundo cha mguu, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Shimo likibaki kwenye nyama, alisimama na kusema, "Kesho, ku centre, saa mbili," na kesho saa mbili alikuwa mlangoni kuhakikisha. Usipotoka, alibaki pale pale mlangoni akiita jina lako. Majirani walikuwa wanatoka nje kuangalia. Wanawake wengi walikwenda kupimwa kwa sababu hiyo tu, ili anyamaze.

Hakuketi kwa mtu na hakula kwa mtu. Ungemletea kiti, angeweka mfuko wake juu ya kiti na kubaki amesimama. Ungemkaribisha bugali na sombe ya majani ya muhogo, angesema ameshiba, na midomo imekauka kwa njaa. Tulisema ni majivuno. Siku moja nilimuuliza, kwa ukali, kwamba chakula chetu kina nini.

"Chakula yenu iko muzuri," alisema. "Lakini nikikula kwako leo, kesho nitakugombeza namna gani?"

Sikumwelewa, au sikutaka.

Kinywa chake hakikuwa na mlango. Hilo nalisema bila chuki, hata waliompenda walilisema. Binti wa katekista alikuwa na mimba ya miezi minne, msichana wa shule, na mama yake alikuwa anamfunga kitenge kwa ustadi mkubwa ili isionekane. Mama Reko akamwambia pale bombani, mbele ya foleni nzima ya ndoo, "Weye, mwezi wa ine huu, kadi yako ya mimba iko wapi?" Msichana alipigwa nyumbani mpaka akavimba uso. Wiki ile ile alipelekwa kwa shangazi yake kijijini Kipese, huko milimani, na hatukumwona tena. Tulimlaumu Mama Reko. Alitusikiliza hadi tukamaliza.

"Alipigwa na baba yake," alisema. "Mumegombeza baba yake?"

Hakuna aliyekuwa amemgombeza. Lakini baada ya hapo wanawake walianza kujificha akipita, na wasichana walipita njia ya nyuma, na hilo nalo lilikuwa kosa lake, na sidhani kama alilikiri kwa mtu.

Pia alikuwa mwongo. Kwa wanaume hasa. Mume akikataa mkewe aende hospitali, Mama Reko alimtungia jambo. Kulikuwa na seremala mmoja mkaidi, mtu wa mikono minene, aliyesema mama yake alimzaa nyumbani na mkewe atazaa nyumbani. Mama Reko akambonyeza mkewe tumbo, akatikisa kichwa, akamwambia seremala kuna watoto watatu humo ndani na wamelala vibaya. Seremala alimpakia mkewe kwenye baiskeli saa ile ile, akaisukuma mpaka mjini. Akazaliwa mtoto mmoja. Seremala alirudi kumtafuta Mama Reko kwa hasira, amekunja ngumi.

"Ulisema batatu!"

"Kwani umepata ngapi?"

"Moja!"

"Bon. Bale babili balikimbia."

Watu walicheka hadi seremala naye akacheka. Mimi sikucheka. Niliona mtu anayedanganya hivyo kuhusu tumbo la mwanamke anaweza kudanganya kuhusu lolote.

Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi: aliogopa damu. Mtu ambaye kazi yake yote ni uzazi hakuweza kuona damu. Aliwasindikiza wanawake hadi lango la wodi ya uzazi, akawakabidhi kwa wakunga, akatoka mbio kukaa nje, mgongo kwenye ukuta, mikono masikioni. Wakunga walikuwa wanamcheka. Kuku hakuweza kuchinja. Na yeye mwenyewe, kama mnataka kujua, alizaa wana watatu, wote nyumbani, wote wazima, bila kupimwa hata siku moja. Nililipata neno hilo kwa mtu anayemfahamu vizuri, nikaliweka, nikamtupia siku tuliyogombana.

"Batoto batatu ulizaa ku nyumba! Leo unatuchosha sisi na hospitali!"

"Njo vile," alikubali. "Nilikuwa mujinga na nikapona. Sasa unataka kila mujinga apone?"

Sasa nifike kwenye miaka ya Ebola, ambayo napenda kuipita haraka. Magari yalikuwa yanakuja na wageni waliovaa mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, watu wetu wanachukuliwa, wengine wanarudi ndani ya mifuko. Mtaa ulikuwa umejaa hofu na hofu ilitafuta mtu wa kumshika. Bareko, yaani Mama Reko na wenzake, ndio waliokuwa wanapita na daftari, wanaandika majina. Siku moja katika kikundi chetu cha akina mama wa parokia, tulipokuwa tunachambua mboga, niliuliza swali moja tu. Nilisema, "Ule mfuko wa Mama Reko, nani alishaona kilicho ndani?" Basi. Sikusema kingine.

Haikupita wiki. Vijana walimzuia njia panda, wakamnyang'anya mfuko, wakauchoma. Ndani kulikuwa na kadi za mimba, vidonge vya kuongeza damu, utepe wa kupimia na kandambili moja. Jiwe lilimpata mdomoni likamng'oa jino. Nilikuwa kwenye lango langu, niliona. Hakulia wala hakukimbia. Alifunika mdomo kwa kitambaa akaondoka kwa mwendo wake ule ule, na damu ikimtoka kwenye vidole aliinua uso juu ili asiione.

Baada ya siku kadhaa, plap, plap, plap. Mdomo umevimba upande mmoja. Badala ya mfuko alibeba gunia la mchele lililokatwa nusu.

"Humu ndani kuko mimba?"

"Hakuna."

Aliniangalia muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji. Nadhani alijua. Hakunitamkia neno hilo, siku ile wala baadaye, na hilo lilinifanya nimchukie zaidi.

Mimba ilikuja nyumbani kwangu baadaye. Mimi ni mjane, na mwanangu ni mmoja, Paluku, dereva wa lori kati ya Butembo na mpaka wa Uganda. Alioa msichana mpole anaitwa Kavira, akamleta akae nami kwa sababu kazi yake ni ya barabarani na shamba langu la kakao lilihitaji mikono. Mtoto wao wa kwanza, Masika, alizaliwa katika kituo cha afya cha mtaa wetu. Baada ya kuzaa Kavira alitokwa na damu nyingi, wakamtundikia chupa ya serumu usiku kucha, akapona. Mama Reko aliyaandika yote hayo.

Kavira alipopata mimba ya pili, kituo kilikuwa kimefungwa. Adui, ndivyo tunavyowaita wale wanaotoka msituni kuua watu mashambani, alikuwa amesogea karibu, na wauguzi walihamia mjini. Bareko wengine wote waliacha. Mama Reko naye alihamia mjini, lakini kila asubuhi alirudi kwa miguu, akazunguka nyumba zilizobaki na watu, na mchana akaondoka, kwa kuwa baada ya saa kumi hakuna pikipiki iliyokubali kuja kwetu.

Kavira alipoingia mwezi wa nane, Mama Reko alisimama uani kwangu akaniita kwa jina.

"Mama Paluku, huyu hapana zalia hapa."

"Nani ameamua?"

"Damu. Mara ya kwanza ilimwangika mingi. Inaweza rudia. Na hapa hakuna munganga, hakuna serum, hakuna njia. Mujini kuko mama mumoja Muislamu, bwana yake ni musafirishaji, anapokea bamama wa mimba mpaka bazae. Nyumba iko karibu na hospitali. Ninataka aende wiki hii."

"Kakao imeiva," nilisema. "Niko na mikono mbili tu."

"Kakao itaoza. Mwaka kesho itazaa ingine."

"Unasema vile sababu hauna shamba."

"Njo vile. Sina shamba."

Kavira alikuwa ameketi pale pale akimenya mihogo, kichwa chini, kama vile tunazungumza habari za mtu wa mtaa mwingine. Hakuna kati yetu aliyemuuliza. Nikasema mke wa mwanangu hatakwenda kulala kwa watu nisiowajua, wala wa dini nisiyoijua, na nikamfungulia Mama Reko lango atoke.

Jumapili iliyofuata nilikwenda misa. Niliporudi, jiko lilikuwa limezimwa kwa maji. Nguo za Kavira hazikuwepo, wala Masika. Jirani akaniambia juu ya ua, "Bameenda na Mama Reko, na pikipiki." Alikuwa amengoja niingie kanisani, akaniibia mkwe. Nilimwendea shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, nikapiga kelele mbele ya watu wake kwamba nimetekewa mtoto. Shefu akanisikiliza, akasema, "Mama, Kavira ni mutu mukubwa," akageukia mambo mengine.

Kesho yake nilikwenda mjini mwenyewe. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, safi, uani kuna mkeka na wajawazito wawili wanasokotana nywele. Mwenye nyumba, Mama Hadija, alinipokea kwa mikono miwili na kuniletea chai ya maziwa. Sikuinywa. Kavira alitoka ndani, akapiga magoti kunisalimia, tumbo likimzuia.

"Mama, uniache nizalie huku," alisema. "Nakuomba."

Hapo nilitamka neno ambalo mpaka leo nalisikia. Nilisema, "Paluku amenipigia simu. Anasema urudi."

Paluku hakuwa amenipigia. Nilijua kwamba Kavira hatabishana na neno la mumewe, na hakubishana. Alikwenda kufunga nguo zake. Mama Hadija aliinama akachukua kikombe changu kilichojaa.

Tulipotoka na Masika na vifurushi, Mama Reko alikuwa anaingia. Alimwangalia Kavira, akaniangalia mimi.

"Umesikia bwana yake na masikio yako?"

"Nimesikia."

"Bon. Nitaandika."

"Andika!"

Akatoa daftari, akaliegemeza kwenye mhimili wa mlango, akaandika amesimama. Tulimpita tukaondoka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, tulikuwa tunavunja maganda ya kakao. Kavira alikuwa na uchungu tangu alfajiri na hakuniambia, aliniogopa. Tukasikia risasi upande wa mashamba. Kwanza chache, kisha nyingi, kisha watu. Mtaa wote uliingia barabarani kuelekea mjini, magodoro vichwani, mbuzi wanavutwa, mtu anaita mtoto wake. Nilimfunga Masika mgongoni nikamshika Kavira mkono. Alitembea mpaka kwenye tanuri ya matofali. Pale alishikilia ukuta akasema, "Mama, hapana tena," na maji yakamshuka miguuni.

Watu wote walikuwa wanakwenda upande mmoja. Niliona mtu mmoja anakuja upande wetu, kichwa kirefu juu ya vichwa vya wengine, anasukumwa, anasukuma. Nyuma yake walikuwa yule seremala na ndugu yake, wamebeba mlango walioung'oa mahali. Mama Reko alikuwa amesikia milio akiwa mtaa wa pili, akaja kwa ajili ya jina lililokuwa kwenye daftari lake.

Tulimwingiza Kavira ndani ya kibanda cha matofali. Nilimzalisha mimi, kwa kuwa nimeshazalisha. Alikuwa mtoto wa kiume, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Nilikitoa. Nilimpiga nyayo, nilimpulizia mdomoni, nilimwita. Hakulia. Nilikuwa bado namshika hivyo nilipoona damu. Haikuwa inatiririka, ilikuwa inamwagika.

Mama Reko aliiona pia. Aligeukia matofali, akatapika. Nilidhani ataanguka na nitabaki peke yangu na wawili. Lakini alibaki amegeukia ukuta, paji la uso kwenye matofali, akaanza kuniamrisha bila kunitazama.

"Mama Paluku! Weka mutoto chini. Weka mukono ku tumbo yake, chini ya kitovu. Kuko kitu laini?"

"Iko laini!"

"Sugua. Sugua mpaka ikuwe nguvu kama jiwe."

"Damu inatoka mingi sana..."

"Hapana niambia damu! Sugua! Kwa nguvu yote! Na usiachie hata akilia."

Nilisugua. Kavira alilia, kisha akaacha kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wanaume walimweka juu ya mlango. Niliambatana nao kando, mkono wangu mmoja tumboni kwake, nimeinama njia nzima, na Mama Reko mbele akitupasulia watu njia kwa sauti yake ile ya juu ya ua, Masika mgongoni mwake sasa, na mtoto aliyekufa mikononi mwake, amefungwa katika kitenge changu. Kwenye kizuizi cha wanajeshi mmoja alinyoosha bunduki atusimamishe. Mkubwa wake akaangalia mlango, akasema kwa Lingala, "Tika baleka," tukapita. Hapo tukapata gari.

Kavira alipona. Walimwongezea damu, ya Mama Hadija ikiwa mojawapo. Mtoto tulimzika siku ya pili. Paluku alifika kutoka Butembo, akasimama kaburini na hakuuliza kitu. Nami sikumwambia kitu. Mtaa ulipotulia tulirudi nyumbani, nikafikiri yamekwisha.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa kuangalia vifo vya watoto wachanga. Walikuja wauguzi, mashefu wa kartie, bareko, na akina mama wengi wa mitaa ya pembeni. Familia ziliitwa. Nilikaa na Paluku benchi la pili. Mama Reko aliitwa asome. Alisimama na daftari lake, akasoma kama anavyosoma kila kitu, bila kupandisha wala kushusha.

"Mama wa mimba alipelekwa mujini ku mwezi wa munane. Mama-mukwe alikuya kumutosha ku nyumba ya Mama Hadija. Mama-mukwe alisema bwana njo alitaka arudi. Nilipigia bwana simu siku ile. Simu haikupita. Nilimupata kisha ya maziko. Alisema hakuitisha mutu."

Paluku hakunigeukia. Aliinama, akaweka mikono juu ya magoti, akaiangalia. Kisha akasimama akatoka. Wiki haijaisha alikuwa amemchukua Kavira na Masika kwenda Butembo, bila kuniaga. Nguo za Masika zilibaki kwenye kamba, nikazianua mwenyewe.

Siku ya mkutano nilimkimbilia Mama Reko nje, nikamshika nguo.

"Umeniua."

"Nilisoma tu."

"Ungekuja kwangu! Ungeniambia ku siri, sisi wawili!"

"Mule ndani kuko bamama-mukwe makumi mbili," alisema. "Benye kuwa na bakwe ba mimba leo. Nilitaka basikie."

"Na mimi je?"

Aliondoa vidole vyangu kwenye nguo yake, kimoja kimoja, bila ukali, akaenda.

Tangu siku hiyo nilitema mate akipita. Nilimzuia lango. Niliwaambia watu kwamba ni mchawi wa ndoa, na wako walioniamini. Alipita kila wiki vile vile. Kwangu hakuuliza tena chochote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Baadaye adui alifika mpaka nyumba za mwisho, nasi tuliobaki tukakimbia. Mimi nilikuja Butembo kwa binamu yangu. Nikaanza kuuza parachichi kwenye barabara ya vumbi inayopanda kilimani, si mbali na hospitali ya akina mama. Paluku hunipigia Noeli na Pasaka. Huuliza afya yangu. Hasemi anaishi wapi, na kila nikiuliza mtandao unakatika.

Ilikuwa saa tisa ya mchana, siku isiyo na mvua, nilipomwona Mama Reko akija kutoka chini ya kilima. Nilimjua kwa shingo. Alikuwa amezeeka ghafla, anatembelea fimbo, mguu mmoja anauburuta. Nilisikia baadaye kwamba aliumia akikimbia, na kwamba Butembo nako anazungukia wakimbizi wa Beni, nyumba wanamopanga kumi kumi. Alinikaribia akasimama mbele ya parachichi zangu.

"Mama Paluku. Habari ya kukimbia?"

Ilikuwa mara ya kwanza anisalimie.

"Tulifika," nilisema.

"Unakaa upande gani?"

"Chini, karibu na soko."

Aliitika kwa kichwa. Nikauliza kabla sijajizuia: "Weye unaona watu wetu wa Beni huku. Umeona Kavira?"

Hakudanganya. Ningependa angedanganya.

"Ninamuona."

"Anakaa wapi?"

"Alinikataza."

Basi nilimmwagia yote. Kinywa chake kilichomwanika binti wa katekista bombani, leo kimejifunza kunyamaza kwangu? Nilimwita mwizi, nilimwita tasa wa moyo, nilimwambia jino lile lilikuwa dogo, wangemng'oa yote. Nikasema na lile la mfuko, kwamba ni mimi niliyeuliza swali. Watu walisimama kutusikiliza. Yeye aliegemea fimbo mpaka pumzi ikaniishia.

"Alizaa," alisema. "Mwezi uliopita. Musichana. Alienda hospitali mapema, wiki mbili mbele. Hakumwanga damu. Bote babili bako bazima."

Nilijishika kwenye meza.

"Wasingya," nilisema. Ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinande. Sikupanga kulisema, lilitoka.

"Hapana nishukuru mimi."

"Na Masika?"

"Anasoma. Ameng'oka meno ya mbele, anasema vibaya."

"Huyo mudogo, walimwita nani?"

"Hilo ulize mwana yako. Akikuambia, ni yeye amekuambia."

Akachukua fimbo yake, akaanza kupanda. Hakuniaga. Alikuwa anakwenda polepole sana, hatua, fimbo, hatua. Niliuangalia mgongo wake, na nikaelewa anakokwenda, kwa Kavira: kule juu ndiko wanakopanga madereva, na alikuwa ameniuliza ninakaa upande gani kabla hajachagua njia, ili tusiende upande mmoja. Mimi miguu yangu ni mizima. Ningemfuata mpaka mlangoni bila kutoa jasho. Niliacha parachichi zangu, nikaingia barabarani, nikapita nyumba ya kwanza, ya pili.

Alisimama. Hakugeuka. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo na kubaki pale katikati ya barabara, jua linampiga, pikipiki zinampigia honi zikimzunguka. Nilijua angesimama hivyo hata mpaka giza liingie.

Nilirudi nikaketi. Ndipo akaendelea.